Mlio wa Breki na Magurudumu: Somo la Kutafuta Sababu

Katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, mada ya msuguano aghalabu hufundishwa kwa maelezo mafupi na orodha ya faida na hasara zake. Mwanafunzi huambiwa kwamba msuguano hutuwezesha kutembea na kwamba huchakaza vyombo. Huyaandika hayo daftarini, huyajibu siku ya mtihani, na mambo huishia hapo. Makala haya yana shabaha ya kumwonyesha mwanachuo namna moja ya kuifanya mada hiyo iwe zoezi la kufikiri. Mfano tuliouchagua ni mlio wa breki na magurudumu ya gari. Mfano huo wafahamika mjini na kijijini, kwa kuwa ni wachache watoto ambao hawajapata kusikia basi likilia linapokaribia kituo. Tena una uzito, maana uhai wa abiria wote hutegemea vipande vichache vya breki ambavyo unene wake haufiki upana wa vidole viwili.

Jambo kuu ambalo mwalimu hana budi kulishika ni hili: mlio ni dalili, si ugonjwa. Sauti moja yaweza kuwa na sababu nyingi, na sababu moja yaweza kutoa sauti za namna mbalimbali. Mtu asikiaye gari likilia na kusema papo hapo, "Pedi zimekwisha," huenda akawa amesema kweli. Lakini amebahatisha, na kesho atabahatisha tena. Kazi ya mwalimu ni kumzoeza mtoto kuchelewesha jina la sababu mpaka awe ameuliza maswali yanayostahili.

Jinsi breki zinavyofanya kazi

Gari linapokwenda huwa na nishati ya mwendo. Ili lisimame, nishati hiyo haina budi kugeuka, na breki huigeuza kuwa joto kwa njia ya msuguano. Gari la kilo 1,000 likienda kilometa 36 kwa saa, yaani meta 10 kwa sekunde, lina nishati ya mwendo ya jouli 50,000. Kasi ikiongezeka mara mbili na kufikia kilometa 72 kwa saa, nishati huongezeka mara nne na kuwa jouli 200,000. Hesabu hiyo yatosha kueleza kwa nini breki hupata moto sana, na kwa nini dereva apendaye mbio huzimaliza mapema.

Magari mengi madogo yana breki za diski katika magurudumu ya mbele, na baadhi yake yana breki za dramu nyuma. Diski ni sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma pistoni iliyomo ndani ya kalipa, na pedi mbili huibana diski, moja kila upande. Dramu ni ngoma ya chuma. Ndani yake mna breki shuu mbili zilizopinda kama mwezi mwandamo, nazo hutanuka na kuusukuma ukuta wa ndani wa ngoma hiyo. Pedi na shuu zote zina tabaka la msuguano lililogandishwa juu ya kipande cha chuma. Pedi mpya ya gari dogo kwa kawaida huwa na tabaka la kiasi cha milimeta 10. Likibaki milimeta 3, wakati wa kuibadilisha umefika.

Kwa nini breki hulia

Hapa mwalimu asihangaike kutafuta kifaa, kwani kifaa kimo mkononi mwake. Chaki mpya ikishikwa kwa pembe fulani na kuburutwa ubaoni hutoa mlio mkali unaowafanya wanafunzi wazibe masikio. Sababu ni kwamba chaki haitelezi mfululizo. Hunata kidogo, hujikunja kidogo, hujinasua na kuteleza, kisha hunata tena. Na hayo hutendeka mara nyingi mno katika sekunde moja. Chaki hutetemeka, hewa hutetemeka, na sikio husikia mlio. Mwalimu akiivunja chaki hiyo vipande viwili, au akiilaza zaidi, mlio hubadilika au hukoma kabisa. Upinde wa zeze hufanya kazi hiyo hiyo juu ya uzi, ila pale tunauita muziki.

Breki hufuata kanuni hiyo. Tabaka la pedi likinata na kuteleza juu ya diski, diski nzima hutetemeka kama kengele, na mlio mwembamba tunaousikia ni mitetemo inayozidi 1,000 kwa sekunde. Ndiyo kusema, hata breki nzima zaweza kulia.

Tatizo hili si geni. Mhandisi Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki za diski mwaka 1902, na pedi zake za shaba zilisumbua kwa kelele. Baadaye matabaka yenye asbesto yalitumika kwa miaka mingi, kwa kuwa yalistahimili joto na kupunguza kelele. Kisha ikabainika kwamba vumbi la asbesto huleta maradhi ya mapafu na saratani, na nchi nyingi zimekwisha kuipiga marufuku. Habari hiyo fupi ina funzo kwa mchunguzi: kunyamazisha kelele ni jambo moja, na kuondoa madhara ni jambo jingine.

Maswali manne ya uchunguzi

Fundi mzuri husikiliza kabla ya kushika spana. Maswali anayojiuliza yaweza kupangwa hivi, na mwalimu anashauriwa kuyaandika ubaoni na kuyaacha hapo muda wote wa somo.

Swali la kwanza: Mlio husikika lini? Je, ni pale pedali inapokanyagwa tu, au hata mguu ukiwa umeondolewa? Je, ni asubuhi tu baada ya mvua, au mchana kutwa?

Swali la pili: Je, mlio hufuata mzunguko wa gurudumu? Gari likisimama injini ikiunguruma, na mlio ukaendelea, hatuna sababu ya kuyashuku magurudumu. Mlio ukija na kupotea kwa kipimo, hesabu hutusaidia. Gurudumu la gari dogo lina mzingo wa karibu meta 2. Gari likienda meta 1 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu atembeaye taratibu, gurudumu huzunguka mara moja kila sekunde mbili, na mlio waweza kuhesabiwa. Likienda kilometa 36 kwa saa, gurudumu huzunguka mara 5 kwa sekunde, na milio hufuatana upesi hata ni vigumu kuihesabu. Ndiyo maana fundi husikiliza kwanza gari likienda polepole.

Swali la tatu: Mlio watoka wapi? Ni mbele au nyuma, kulia au kushoto? Sauti husafiri katika chuma cha gari, kwa hiyo aliyeketi ndani hudanganyika kwa urahisi. Ni vema mtu mzima mmoja asimame nje, mbali na njia ya gari, na kusikiliza linapopita polepole.

Swali la nne: Ni kitu gani huubadilisha? Mwendo, kona, kurudi nyuma, kukanyaga pedali, maji ya mvua: kila kimoja hujaribiwa peke yake. Mchunguzi akibadilisha mambo mawili kwa pamoja, hatajua ni lipi lililoleta tofauti. Hii ni kanuni ya majaribio yote ya sayansi, na mwanafunzi atakayeielewa katika breki ataitumia pia katika bustani ya shule.

Kusoma majibu

Majibu ya maswali hayo yakiwekwa pamoja, sababu huanza kujitenga. Tuangalie hali zilizo za kawaida.

(a) Mkwaruzo mwepesi wa asubuhi, hasa baada ya mvua, ambao hutoweka dereva akisha kufunga breki mara chache. Diski ya chuma ikilala na unyevu hupata utando mwembamba wa kutu, na pedi huufuta. Hali hii si ugonjwa.

(b) Mlio mwembamba unaoendelea siku baada ya siku, ambao hubadilika pedali ikikanyagwa. Pedi nyingi zina ulimi mdogo wa chuma uliowekwa makusudi ili uguse diski tabaka linapobaki milimeta 2 au 3. Ni onyo lililobuniwa na binadamu. Lakini mlio wa namna hiyo waweza pia kutokana na vumbi, au na tabaka lililong'aa na kuwa gumu kwa joto la mteremko mrefu. Sikio pekee halitoshi. Gurudumu lifunguliwe na tabaka lipimwe.

(c) Mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma pedali inapokanyagwa, pengine na mtikisiko mguuni. Hapa huenda tabaka limekwisha kabisa na bamba la pedi linaikwangua diski. Gari hilo lisiendelee na safari.

(d) Mkwaruzo ambao hausikilizi pedali, bali hufuata mzunguko wa gurudumu tu. Mara nyingi ni kokoto iliyonaswa kati ya diski na bati la kukinga vumbi, au bati hilo limepinda. Katika barabara za changarawe jambo hili hutokea sana. Kokoto mara nyingine hutoka yenyewe gari likirudishwa nyuma polepole.

(e) Mvumo unaozidi kadiri mwendo unavyozidi, na kubadilika katika kona. Hiyo ni dalili ya beringi ya gurudumu. Gari likikata kona ya kushoto, uzito huelemea magurudumu ya kulia. Ikiwa mvumo huzidi katika kona ya kushoto na kupungua katika kona ya kulia, beringi ya upande wa kulia ndiyo ya kushukiwa kwanza. Beringi mbovu si ya kuahirishwa, kwa sababu ikiharibika kabisa gurudumu laweza kukwama au hata kuchomoka.

(f) Mlio au mkwaruzo pamoja na harufu ya kuungua, gurudumu moja likiwa na moto kuliko mengine. Yamkini breki imekwama na haiachii: pistoni imeshikwa na kutu, au breki ya mkono haikurudi.

Mwanachuo ataona kwamba sauti katika (a), (c) na (d) zaweza kuitwa kwa jina moja, yaani mkwaruzo. Kinachozitenganisha si masikio makali bali maswali. La kwanza hupotea lenyewe. La pili hutii pedali. La tatu hulitii gurudumu.

Makosa mawili ya hoja

Wanafunzi, na hata watu wazima, huteleza katika sehemu mbili.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kila mlio ni hatari. Aaminiye hivyo hununua pedi mpya kila mara na, baada ya kuona mlio umerudi, hukata tamaa na kuacha kusikiliza. Kosa la pili ni baya zaidi: kudhani kwamba kimya ni usalama. Si kila pedi ina ulimi wa kuonya. Breki iliyolowa mafuta au grisi yaweza kuwa kimya kabisa, nayo haishiki. Mafuta ya breki yaweza kuvuja bila sauti yoyote. Pedali inayozama, gari linalovuta upande mmoja linapofungwa breki, na taa nyekundu ya breki inayowaka ni dalili nzito kuliko mlio, nazo hazipigi kelele.

Hapo pana dalili nyingine inayofaa kujadiliwa darasani. Pedi zinapopungua unene, pistoni husogea mbele, na mafuta hushuka kidogo katika kopo lake. Dereva akiongeza mafuta bila kuuliza yalikwenda wapi, ameifuta dalili na kuiacha sababu. Vivyo hivyo mtu anayepaka mafuta kwenye diski ili isilie ataondoa mlio na msuguano kwa pamoja. Na msuguano ndio uliokuwa ukilisimamisha gari. Mwalimu aulize: "Je, ni vema kumpa mgonjwa dawa ya maumivu bila kutafuta maumivu yametoka wapi?" Wanafunzi watakuwa na mengi ya kusema.

Mpango wa somo

Somo hili lahitaji vipindi viwili. Gari halihitajiki, baiskeli moja yatosha. Vifaa vingine ni uzi, rula, chaki, na vipande vya karatasi ngumu.

Kabla ya kipindi, mwalimu aipindue baiskeli isimame juu ya kiti na usukani wake, kisha aitie "ugonjwa" mmoja, wanafunzi wasione. Afunge karatasi kwenye spoku moja ili iguse uma mara moja kila mzunguko. Au aifunge kwenye uma ili iguse kila spoku. Au asogeze mpira mmoja wa breki uguse rimu kidogo wakati wote. Karatasi ni ile ile katika magonjwa mawili ya kwanza, lakini milio ni tofauti kabisa, kwa sababu moja inazunguka na nyingine imetulia.

Hatua ya kwanza: wanafunzi wageukie nyuma, wasikilize gurudumu likizungushwa, na waandike sauti waliyoisikia bila kutaja sababu. Hatua hii ni ngumu kuliko inavyoonekana. Mtoto ataandika "breki mbovu". Mwalimu ampe nafasi ya kuandika tena alichosikia, si alichodhani.

Hatua ya pili: wanafunzi waulize maswali, na mwalimu ajibu kwa kuonyesha jaribio. Mazungumzo yaweza kwenda hivi:

Mwanafunzi: Mwalimu, breki zimekwisha.

Mwalimu: Huenda. Tufanye jaribio gani litakalotuonyesha kwamba ni breki?

Mwanafunzi: Tubane breki.

Mwalimu: Haya, njoo ubane taratibu. Mlio umebadilika?

Mwanafunzi: La, mwalimu. Unapungua gurudumu linapopungua mwendo.

Mwalimu: Basi jambo hilo latuambia nini?

Mwalimu asimkatae mtoto aliyekisia, wala asimsifu kwa sababu tu amepatia. Amwombe jaribio. Mtoto aliyekosea lakini akapendekeza jaribio zuri amejifunza zaidi ya yule aliyebahatisha jibu sahihi.

Hatua ya tatu: wanafunzi wapime mzingo wa gurudumu kwa uzi na rula, kisha waisukume baiskeli umbali wa meta 20 uwanjani huku wakihesabu milio. Ikiwa mzingo ni karibu meta 2, na milio ni 10, wamethibitisha kwa hesabu kwamba kisababishi kinazunguka pamoja na gurudumu na hugusa mara moja tu kila mzunguko. Hapo sayansi na hisabati huwa somo moja.

Hatua ya nne, katika kipindi cha pili: mwalimu alete habari za gari. Asome hali tatu au nne kati ya zile tulizozieleza, na vikundi vijadili sababu iliyo karibu zaidi, ushahidi wake, na swali moja ambalo bado wangependa kuuliza. Panapowezekana, fundi wa jirani aalikwe aonyeshe pedi mpya na pedi iliyochakaa, na wanafunzi wapime tofauti ya unene kwa rula.

Tahadhari

Mwalimu asiwaruhusu wanafunzi kuingia chini ya gari wala kusogelea gari linalokwenda kwa ajili ya kusikiliza. Diski na rimu zaweza kuunguza kwa muda mrefu baada ya safari, zisiguswe. Katika zoezi la baiskeli, vidole viwe mbali na spoku na mnyororo. Vumbi la breki lisipulizwe kwa mdomo, kwa kuwa pedi na shuu za zamani huenda zina asbesto. Pedi iliyochakaa iletwe ikiwa imefungwa ndani ya mfuko mwangavu wa plastiki na ionekane humo humo. Hatimaye, ifahamike kwamba somo hili halimfanyi mtu kuwa fundi. Linamwezesha kumweleza fundi jambo lenye maana: si "gari linalia" tu, bali "linakwaruza mbele kulia, mara moja kila mzunguko, hata nisipokanyaga breki."

Kupima maendeleo

Swali la mtihani lisiwe "Taja sababu tatu za mlio wa breki," kwa kuwa lapima kumbukumbu tu. Swali bora ni hili: "Gari linakwaruza. Dereva akikanyaga pedali, mkwaruzo haubadiliki. Likisimama, mkwaruzo hukoma. Ni sababu ipi unayoishuku, ipi unayoiondoa, na utafanya jaribio gani zaidi?" Mwanafunzi aliyeelewa ataondoa injini na tabaka lililokwisha, atashuku kokoto au bati lililopinda, na atapendekeza kurudi nyuma polepole au kufungua gurudumu.

Wengi wa watoto tunaowafundisha watakuwa abiria, na baadhi yao madereva. Siku moja mmoja wao atakuwa ndani ya gari lililojaa watu, kabla ya mteremko, na atasikia chuma kikikwangua chuma kila pedali inapokanyagwa. Orodha ya faida na hasara za msuguano haitamsaidia. Atasaidiwa na mazoea ya kuuliza mlio umeanza lini, unatii nini, na unatoka wapi. Na akiisha kujijibu, awe na ujasiri wa kumwambia dereva asimame.